Shangazi Anacheka Nini

"Shangazi, unacheka nini na wewe hujasikia?"

Nilimuuliza hivyo mezani nikiwa darasa la kwanza, mdomo umejaa chakula na moyo hauna hila yoyote. Baba alikuwa ametoka kusimulia kisa chake cha mlinzi wa kazini kwao aliyejifungia nje ya geti analolilinda mwenyewe. Wote walicheka. Shangazi naye alicheka, tena kwa ufundi kuliko wote: kichwa nyuma, kiganja kifuani, machozi karibu yamtoke. Ila mimi nilikuwa nimekaa ubavuni pake, na kwa kimo changu cha wakati ule nilikuwa naona vitu ambavyo watu wazima hawavioni. Niliona macho yake yakizunguka uso hadi uso kabla hajacheka, kama mtu anayenakili majibu kwenye chumba cha mtihani. Kicheko chake kilikuja nusu pumzi baada ya vyetu.

Nikamvuta mkono wa gauni, akanigeukia, nikamuuliza kwa mdomo mpana kama tulivyofundishwa kuongea naye. Alinielewa vizuri sana. Mama alinifinya paja chini ya meza, mfinyo wa aina ile isiyohitaji maelezo.

"Kula," Shangazi akasema. "Kinapoa."

Nikala. Jibu lenyewe nimelipata mwaka huu, nikiwa kidato cha tatu. Chakula cha siku ile, kama mnavyoweza kukisia, kilishapoa.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba na anakaa nasi, chumba cha uani. Kazi yake ni ususi. Vidole vyake vinasuka vyenyewe huku yeye akiwaza mambo mengine, na akikusuka hulii, jambo ambalo wasusi wengi hawajawahi kulifikiria. Zamani, nasikia, alikuwa na mdomo kuliko watu wote wa ukoo. Baba anasema ilikuwa ukitaka kuongea nyumbani kwao uombe nafasi kwake siku moja kabla. Halafu ikampata homa kali, akalazwa, na homa ilipoondoka iliondoka na masikio yote mawili. Mimi wakati huo nilikuwa bado nafundishwa kutembea, kwa hiyo Shangazi ninayemjua mimi ndiye huyu wa baada ya homa.

Familia yetu ni watu wenye akili, na tulilipokea tatizo lile kitaalamu. Tulikuwa na mbinu mbili. Ya kwanza ni kupaza sauti. Asiposikia, unapaza zaidi. Asiposikia tena, unaongeza na mikono, mpaka jirani wa nyumba ya tatu anakuja kuuliza nani kafa. Mbinu ya pili ilikuwa neno moja: "baadaye." Shangazi akiuliza, "Mmesema nini?" mtu anampungia mkono, "Aa, si kitu, nitakwambia baadaye." Baadaye hiyo mimi sikuwahi kuiona ikifika. Sijui ilikuwa inapitia wapi.

Lakini kazini kwake, uziwi ulikuwa cheo.

Saluni anayofanyia kazi ina mwenyewe, mwanamke mpana anayekaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, hasuki, haoshi, hafagii, na kwa sababu hiyo wote wanamwita Mkurugenzi. Mkurugenzi anaamini saluni yenye kimya ni saluni inayofilisika. Juu ya mlango kuna runinga. Kando ya masinki ya kuoshea nywele kuna redio. Vyote vinawaka kwa pamoja tangu asubuhi, kila kimoja na habari zake, maana runinga ni ya wateja na redio ni ya wafanyakazi, na wafanyakazi nao wana haki zao. Hapo sijataja draya, zile kofia kubwa za kukaushia nywele, zinazonguruma kama lori linalopanda mlima. Wala sijawataja wateja wenyewe, ambao kwa kuwa kuna runinga, redio na draya, inabidi wapige kelele ili wasikike.

Katikati ya vurugu hiyo, Shangazi alikuwa na kiti chake karibu na dirisha, mbele ya kioo kikubwa kuliko vyote. Kila asubuhi kabla ya kugusa ufagio alikuwa anakisugua kile kioo kwa karatasi ya gazeti mpaka kinang'aa. Mkurugenzi alimsifia mbele ya wenzake kwa usafi. Hakuna aliyejiuliza mbona vioo vya wengine havigusi.

Na wateja walimpenda mno. Hebu fikiria: msusi anayekushika kichwa nusu siku nzima, hakuulizi utaolewa lini, na hawezi kusimulia popote ulichosema kwa sababu hakukisikia. Walikuwa wanakaa kwenye kile kiti wakimwaga moyo kama maji. Mume karudi saa ngapi, mpangaji kafumaniwa na nani, nani kamwambia bosi wake nini. Shangazi anasuka, anatikisa kichwa pale panapofaa, anacheka wakicheka, anasikitika wakisikitika. Wakampa jina la Kaburi. Kwa mapenzi tu. "Mimi nasukwa na Kaburi," walikuwa wanajitapa. Kulikuwa na mteja mmoja, yeye anaitwa Gazeti na sina haja ya kueleza kwa nini, aliyekuwa anasubiri zamu ya Kaburi hata kama viti vyote vingine viko wazi.

Halafu, nikiwa kidato cha pili, Shangazi akapata sikio.

Daktari alikiita kipandikizi cha koklea. Sehemu moja wameiingiza ndani ya sikio la kulia kwa upasuaji. Sehemu nyingine inakaa nje, nyuma ya sikio, na ina kiduara kinachong'ang'ania kichwani kwa sumaku. Mimi nilifurahishwa sana na sumaku. Nilimwomba nijaribu kama atashika mlango wa friji, Mama akanifinya tena.

Siku ya kukiwasha tulikwenda sote, Baba amevaa suti. Mtaalamu, kijana mpole mwenye kompyuta, alibonyeza kitu na kusema neno. Shangazi akakunja uso kama aliyelamba betri.

"Dada, unanisikia?" Baba akauliza, machozi yanamlenga.

"Nakusikia," Shangazi akasema. "Unaongea kama bati linaloburuzwa kwenye lami."

"Na yeye?" Baba akamwonyesha mtaalamu.

"Yeye ni bati dogo."

Mtaalamu alicheka, akasema ni kawaida, ubongo unahitaji kujifunza. Akaeleza kwamba sikio la kuzaliwa lina maelfu ya vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti, na kifaa hiki mahali pa maelfu hayo kina waya mwembamba wenye vituo ishirini hivi. Shangazi, ambaye tulimwandikia maelezo hayo kwenye karatasi, aliyasoma, akafikiri kidogo.

"Kwa hiyo ninyi mna nywele zenu za asili," akasema, "na mimi nimewekewa rasta chache."

"Kabisa," mtaalamu akasema. "Ila rasta zinapendeza, mama, ukizizoea." Akamgeukia Baba. "Kitu kimoja. Kwenye kelele atapata shida. Watu wengi wakiongea, muziki, mashine, hapo asitegemee sana. Na ninyi mumsaidie: mzime vitu, muongee naye mkimtazama usoni."

Baba akatikisa kichwa kwa heshima zote. Alikuwa anapiga picha.

Miezi iliyofuata, kabla hajarudi kazini, mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wake. Jioni tunaingia chumbani kwake, tunafunga mlango, tunazima feni, namsomea kitabu huku nimeziba mdomo na daftari, naye anarudia nilichosema. Mwanzoni alirudia upuuzi mtupu. Baadaye nusu. Mwisho ikawa namsomea ukurasa mzima na ananirudishia, pamoja na makosa yangu ya kusoma. Bati likawa sauti. Siku moja nilinong'ona nyuma ya daftari kwamba nimechoka nataka kwenda kucheza, akajibu, "Nenda basi, nani kakushika?" Nilitoka mbio nikapiga kelele uani, "Anasikia mnong'ono!"

Hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Familia ikakaa ikatoa hukumu: amepona. Na mtu akipona, hafanyiwi maisha ya kimya. Anafanyiwa sherehe.

Sitaisahau sherehe ile. Baba alisema dada yake amepata masikio na lazima ayatumie, akakodi maspika. Si maspika ya nyumbani. Yale yenye kimo cha mtu, yanayofanya vikombe vitembee mezani. Yalipangwa uani, mbele ya mlango wa chumba cha Shangazi, ili mgeni rasmi asipitwe na kitu. Kulikuwa na muziki, kulikuwa na mshereheshaji aliyekula kipaza sauti kama muhindi, kulikuwa na hotuba ya Baba kuhusu sayansi. Shangazi alikaa kiti cha mbele, amependeza, anatabasamu. Wote walipopiga makofi alipiga makofi. Walipocheka alicheka.

Niliinama kumnong'oneza kitu, na ndipo nikaona. Nyuma ya sikio lake hapakuwa na kitu. Alikuwa amekivua, amekizima, amekitia kwenye mkoba na kuufunga zipu. Ni sherehe ya kwanza niliyoiona ya kumpongeza mtu kwa kusikia, yeye mwenyewe akiwa amejizima.

Jumatatu akarudi saluni na sikio lake jipya, habari zikiwa zimemtangulia kwa sababu Gazeti alialikwa.

Kile kiti cha dirishani, kilichokuwa kinagombewa, kikawa kama kina upele. "Nitasukwa na yule mwingine leo, nina haraka." "Mimi wa kuosha tu." Gazeti aliingia, akamwona Kaburi amesimama na chanuo mkononi, kiduara kichwani, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni akisema amesahau kitu kwenye jiko. "Kaburi limefufuka," walikuwa wanaambiana, na hawakuhitaji hata kunong'ona, kwa sababu, na hili ndilo hakuna aliyelijua, kwenye kelele zile Shangazi hakuwa anasikia hata jina lake. Nyumbani walidhani anasikia kila kitu, wakaacha kumwangalia wanapoongea naye. Kazini walidhani anasikia kila kitu, wakamkimbia. Wenye kujua ukweli walikuwa draya, redio na runinga, na hao hawakuwa na nia ya kumtetea.

Mkurugenzi naye akafanya uamuzi wa kiongozi. "Sasa unasikia," alimwambia, "unaweza kufanya kazi popote." Akampa msichana mpya kile kiti cha kioo, akamhamishia Shangazi kwenye masinki.

Masinki sasa. Mteja amelala chali, uso unatazama dari, mdomo wake uko juu chini. Maji yanatiririka. Redio iko pale pale, kiasi cha kuigusa kwa kiwiko. Kioo hakuna. Kama mtu angekaa chini abuni mahali ambapo mtu mwenye kipandikizi hawezi kuelewa hata salamu, asingebuni vizuri zaidi.

Ikatokea kilichopaswa kutokea. Mke wa fundi bomba, mwanamke mtaratibu, alikuwa amelala pale kichwa kimejaa povu akimweleza Shangazi habari za mama yake, kwamba hospitali wamesema wamrudishe tu nyumbani, hakuna la kufanya. Wakati huo huo kwenye runinga mtu akateleza akaanguka ndani ya bwawa, na saluni nzima ikaangua kicheko. Shangazi akainua macho, akaona meno ya watu wote. Akacheka. Kwa ufundi wake ule ule, kichwa nyuma.

Mke wa fundi bomba aliinuka na povu lake akatoka nje hivyo hivyo.

Mkurugenzi hakufoka, na ni bora angefoka. Alisema, "Jumamosi tutaongea kama hapa bado pana nafasi yako."

Jioni ile Shangazi alimsimulia Mama chumbani kwake. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, nimesahauliwa.

"Lakini wifi," Mama akasema, "si ungesema tu hukusikia? Watu wangeelewa."

"Nitasemaje sisikii, wifi yangu? Nimefanyiwa sherehe. Yenye maspika."

Mama akavuta stuli akakaa.

"Ile saluni ndiyo mahali ninapohesabiwa mtu," Shangazi akaendelea, anakunja na kukunjua kitambaa mapajani. "Hapa nyumbani ni mgonjwa aliyepona. Pale nilikuwa fundi. Wakinitoa pale nitakuja kukaa chumba hiki, mlango umefungwa, feni imezimwa, nasikia vizuri kabisa. Nasikia nini sasa?"

Jumamosi nilikwenda kusukwa. Shule ilikuwa imefungwa, na kusema kweli nilikuwa mteja wake pekee aliyebaki, wa damu. Yule msichana mpya alikuwa amechelewa, kwa hiyo Mkurugenzi, akiwa anatafuta maneno ya kumfukuzia mtu, alituachia kile kiti cha kioo kwa muda. Kioo kilikuwa na alama za vidole na dawa ya nywele. Shangazi alikisugua kwanza, pole pole, kama anayeagana nacho.

Alikuwa amefika nusu ya kichwa changu, upande wa kushoto umelala katika mistari, upande wa kulia umesimama kama umesikia habari mbaya, mlango ulipofunguliwa akaingia mke wa fundi bomba. Runinga inapiga kelele, redio inapiga kelele, Gazeti yuko chini ya draya anapiga kelele. Yule mama hakupiga kelele. Alisimama nyuma yetu akamwambia Mkurugenzi kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nimekuja nimwone yule aliyemcheka mama yangu."

Mimi niliyekuwa mita mbili kutoka kwake nilisikia kwa shida. Shangazi alikuwa amempa mgongo. Lakini kwenye kioo nilimwona Shangazi akitazama mdomo wa yule mama, na nilimwona akielewa, neno kwa neno, mpaka mwisho.

Akaziachia nywele zangu. Akaenda ukutani akachomoa plagi ya runinga. Akaenda masinki akachomoa redio. Akaja kwenye draya, akazima, Gazeti akapiga ukelele, "Jamani nimelowa bado!" na sauti yake ikabaki peke yake chumbani, akaona aibu akaimeza.

Kumbe saluni ile ilikuwa na kimya. Kilikuwa nyuma ya plagi muda wote.

"Sikumcheka mama yako," Shangazi alisema, anamtazama usoni. "Sikujua kama umesema kitu. Watu walicheka, nami nikacheka. Nisamehe."

"Unanidanganya," mke wa fundi bomba akasema. "Una kifaa kichwani."

"Ninacho."

"Basi unasikia."

"Sasa hivi nasikia. Nakusikia wewe, namsikia Mkurugenzi anavyohema, nasikia tumbo la Gazeti linanguruma."

"Sijanywa hata chai," Gazeti akajitetea.

Shangazi akachukua chanuo mezani, lile la kuchambulia, meno yake yameachana mbali mbali. "Hivi ndivyo kilivyo hiki kifaa. Ukinipa unywele mmoja uliolala, naupitisha vizuri. Ukinipa nywele zilizosokotana, na hizi kelele zenu ni nywele zilizosokotana, zinapita zote kwa pamoja, au hazipiti kabisa. Siwezi kutoa hapo sauti ya mtu mmoja. Nikiwa hapa, vitu vyote vimewashwa, mimi sisikii maneno. Nimechoka kujifanya nasikia."

Halafu nikaona kitu cha ajabu: nyuso za wateja zinafunguka moja moja, mabega yanashuka. Ilikuwa furaha. Furaha isiyo na haya hata kidogo.

"Kwa hiyo," Gazeti akauliza taratibu, "tukiongea hapa, runinga ikiwa inawaka, wewe husikii?"

"Neno hata moja."

"Jamani! Kumbe bado ni Kaburi!" Gazeti akapiga makofi kwa furaha. "Mkurugenzi, mrudishie mwenzetu kiti chake, unamtesea nini?"

Shangazi angeweza kunyamaza hapo. Alikuwa ameshashinda, kiti kilikuwa kinarudi. Mimi nilimwombea anyamaze. Lakini alitazama kile kioo, akamtazama mke wa fundi bomba, ambaye bado alikuwa amesimama na mkoba kifuani, na nadhani aliona hawezi kuanza tena kujifanya hata kwa faida.

"Kwenye masikio sisikii," akasema. "Kwenye kioo nawasoma midomo."

Hakuna aliyeelewa mara moja.

"Mnakaa hapa, mnatazama mbele, na mimi nipo nyuma yenu. Midomo yenu yote naiona. Mingine siipati, namalizia kwa kuwa nawajua."

"Tangu lini?" Mkurugenzi akauliza.

"Tangu homa."

Kila mwanamke pale alikuwa anarudi nyuma kichwani mwake, kiti kwa kiti, msuko kwa msuko, miaka yote ile. Mmoja alishika shavu. Mkurugenzi mwenyewe, ambaye nakumbuka alikuwa anasukwa na Shangazi kila mwisho wa mwezi, alianza kupepea uso na gazeti.

"Hata ile niliyosema kabla ya sikukuu?" Gazeti akanong'ona.

"Hata ile."

"Na ile ya shemeji yangu?"

"Hiyo umeisema wewe sasa hivi," Shangazi akasema. "Mimi sijasema kitu."

Aliyeanza kucheka ni mke wa fundi bomba. Kicheko kilimtoka tu, kwa pua, kama mtu aliyepaliwa, na alionekana kukasirika kwamba kimemtoka. Halafu wote wakafuata, hata Gazeti, aliyekuwa anacheka amejifunika uso kwa taulo. Maana ilikuwa imewaingia: miaka yote ile mwanamke yule alikuwa na siri zao za kutosha kubomoa mtaa, na mtaa ulikuwa bado umesimama.

Shangazi hakucheka. Alivuta kigoda, akakiweka mbele ya mke wa fundi bomba, akaketi. "Niambie tena habari za mama," akasema. "Nitazame hapa." Na yule mama akakaa, akamwambia. Hatukuwasha kitu mpaka alipomaliza. Nywele zangu za upande wa kulia zilisubiri, zimesimama kwa heshima.

Mkurugenzi alitoa maamuzi mapya siku ile ile, kwa sauti ya mtu aliyekuwa na mpango huo tangu zamani. Kiti cha kioo ni cha Kaburi. Redio imehamia stoo. Runinga imebaki, ila haina sauti; kuizima kabisa alikataa, alisema hapa si maktaba. Draya zinanguruma kama kawaida. Wateja wamerudi, na sasa wakiwa na jambo zito wanajiziba mdomo kwa jarida mbele ya kioo, wanaongea nyuma ya picha za maharusi. Shangazi anawaacha. Wakishindwa kuvumilia, wanashusha jarida wenyewe.

Mimi nilidhani mambo yameishia saluni.

Jioni ya Jumamosi ile ile tulikaa mezani. Taarifa ya habari inawaka sebuleni, sufuria zinagongana, Mama anaita mtu, Baba amepata nafasi anasimulia kisa cha mlinzi na geti. Alipofika mwisho tukacheka, maana tumeshazoea mahali pa kucheka. Shangazi hakucheka. Aliinuka, akaenda kuzima runinga, akarudi, akageuza kiti chake kikamwelekea Baba.

"Rudia," akasema.

"Aa, dada, si kitu, nitakwambia baa..."

"Rudia sasa."

Baba akarudia. Sijui kama mmewahi kuona kichekesho kinaporudiwa taratibu, ndani ya kimya, kwa mtu anayekukazia macho mdomoni. Kinabaki uchi. Baba alifika pale mlinzi anapogonga geti lake mwenyewe, sauti ikaanza kumpungua.

Shangazi alimtazama muda. "Ndicho hicho?"

"Ndicho hicho."

"Miaka yote hii nacheka hicho?"

Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta. Shangazi naye safari hii alicheka, na sikukiona kile kicheko cha kichwa nyuma. Kilikuwa kidogo, kibaya, kinakoroma, na kilikuwa kimetangulia vyetu vyote, hata cha Mama.

Baadaye tulikuwa wawili jikoni, mimi naosha vyombo, yeye anafuta. Nilitaka kusema kitu nikiwa nimempa mgongo, nikakumbuka, nikafunga bomba, nikamgeukia. Akanitangulia.

"Uliwahi kuniuliza nacheka nini na sijasikia."

"Nilikuwa mdogo, Shangazi."

"Ulikuwa mdogo, ila uliuliza." Alifuta sahani, akaiweka juu ya nyingine. "Nikiuliza mmesema nini, mlikuwa mnaniambia baadaye. Nikicheka, mnanisogezea kiti nikae nanyi. Nilikuwa nataka kiti, mwanangu."